Yai Linalobingirika

Mpaka leo jambo hili limekula laki tisa na ishirini: ada, wakili, na trei tatu za mayai ya majaribio. Nimehesabu mara mbili, na mayai nimeyaweka kwa bei ya jumla.

Mdogo wangu anatotolesha vifaranga Bunju. Ametengeneza mashine inayopiga picha ndani ya yai huku likibingirika juu ya taa. Madoa ya ganda yanahama na ganda. Kifaranga kinachoanza kuumbika huelea, kwa hiyo hubaki juu. Kompyuta inafuta kila kinachohama. Siku aliponionyesha, niliona mishipa myekundu imetandaa kama mizizi, na katikati nukta inadunda. Mie nauza mayai Temeke. Siku hiyo ningeulizwa bei ya yai moja, nisingejua niseme nini.

Akaomba hataza, haki ya serikali ya kumzuia mwingine asiuige uvumbuzi wake. Mkaguzi wa hataza akamrudishia hati mbili za zamani za uvumbuzi, za nchi za mbali. Moja inapiga picha yai lililotulia juu ya taa. Nyingine inafuta matone ya mvua kwenye picha za barabara, kwa kuwa yanahama. Kwa mkaguzi, fundi yeyote wa kawaida angeziunganisha, kwa hiyo hakuna kipya cha kupewa hataza.

"Vitu viwili vya zamani vikiuzwa pamoja," nikamwambia wakili, "kwetu hiyo ni biashara."

"Uzamani si hoja, mama. Hoja ni nini kingemsukuma fundi aviunganishe. Hati ya yai inakataza kulisogeza. Tukipata mtu wa mayai aape kwamba kwenye kazi yao hakuna anayelizungusha kwenye mwanga, kama ni kweli, tuna pa kusimama."

Mdogo wangu akacheka. "Si huyu hapa? Dada, utaapa bure au na wewe una bei?"

Pale sokoni, mbele ya wateja, huwa namulika yai kwa tochi ya simu na kulizungusha taratibu vidoleni. Doa likizunguka nalo, ni la ganda. Likibaki juu, yai namrudishia mwenye banda. Hakuna aliyenifundisha, wala sikuwahi kudhani ni wazo. Vidole vyangu vilishafika pale ambapo kichwa cha mdogo wangu kilifika kwa miaka ya kukesha, na bado nikiviangalia nashangaa.

Wakili anasubiri kiapo Jumatatu, na mdogo wangu hajui kwamba huwa nalizungusha. Wewe uliyewahi kupita huko, nishauri: nikisema ukweli wa vidole hivi, hataza ndiyo imekufa, au kutoka kidoleni mpaka kwenye ile picha bado kuna safari ambayo mkaguzi anaweza kuiona?