Mkia wa Uzi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kiwandani kwetu wanamwita Mama Pindo kwa sababu pindo za nguo zote hupita mikononi mwake. Ni mfupi, mbishi, na akitaka kujua jambo hakuna wa kumzuia. Mimi nashona vifungo meza ya pili, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Jumatatu moja tulifika tukakuta cherehani zote zimegeuzwa. Tulizoea kukaa tukitazamana. Sasa kila mtu alitazama ukuta. Msimamizi wetu, ambaye bado alikuwa mgeni pale, alisema anataka utulivu. Utulivu gani? Shati kwetu ni kazi ya kupokezana: huyu mkono wa kulia, yule wa kushoto, mwingine kola. Tusipoonana, tunabahatisha. Kufika mchana tulikuwa na rundo la mashati yenye mikono miwili ya kushoto. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona sura ya msimamizi, kicheko kikanikauka.

Akatangaza kwamba meza ya kwanza, ambako kosa lilianzia, itaondolewa kazini kesho yake. Meza ya kwanza ndiyo ya shangazi. Analea wajukuu kwa kazi hiyo, na kwa umri wake hakuna atakayemwajiri tena.

"Akufukuzaye hakwambii toka," alisema mkata vitambaa, mtu mwenye hasira za karibu. "Tangu alipogeuza cherehani alitaka tuondoke. Tuzime mashine, tutoke wote."

"Kutoka tutatoka," shangazi akajibu. "Ila mimi bado sijajua kwa nini alizigeuza. Nyie mnajua?"

Tulikuwa tumemsema yule bwana tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza. Shangazi akajifunga kanga kiunoni, akaingia ofisini, akaacha mlango wazi. Sote tukajifanya tunatunga uzi kwenye sindano.

"Bwana msimamizi, sijaja kugombana. Kwa nini umetugeuza?"

"Nilishasema. Kelele."

"Mashine zinatushinda sisi kwa kelele, baba. Niambie la moyoni."

Aliinuka, nikadhani atamfukuza palepale. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mnanicheka, mama. Kila nikipita kati ya meza nasikia kicheko mgongoni. Nikigeuka, kila mtu ameinamia kazi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Ilikuwa kweli tupu. Tuna mchezo wetu: ukipita kizembe, mtu anakubandika uzi mrefu nyuma kwa pini, nawe unatembea na mkia mpaka ugundue. Hakuna anayesalimika. Lakini yeye hakuna aliyemwambia, na maskini alikuwa akienda nao hadi nyumbani.

Nilijua shangazi atakana. Hakukana.

"Ni kweli tunakucheka," akasema. Mkata vitambaa akashika kichwa. "Na kosa ni letu, kwa sababu mchezo hatukukueleza. Hebu geuka."

Akamtoa uzi mwekundu mrefu mgongoni mwa koti. Halafu akageuka yeye, akamwonyesha mgongo wake: mkia wa buluu, kazi ya mikono yangu.

"Hapa asiyewekewa mkia ndiye mgeni," akamwambia. "Wewe uliwekewa wiki yako ya kwanza."

Msimamizi aliushika ule uzi, akautazama. "Wiki ya kwanza?"

"Siku ya pili," nikaropoka kutoka mlangoni. Sikujua hata nilifikaje pale.

Akacheka. Kidogo, kwa pua, lakini alicheka, nami nikatamani kupiga vigelegele. Hata hivyo alikuwa bado msimamizi. "Wakija wateja sitaki mkia."

"Haki yako. Nasi tunataka kuonana tukishona."

"Na yale mashati?"

"Tutayafumua wenyewe, leo hii. Na meza ya kwanza je?"

Msimamizi alivua koti, akatoka, akatupita sote akaenda moja kwa moja mezani kwa shangazi. Akainama, akashika cherehani yake upande mmoja.

"Nani atanishikia huko tuigeuze?" akauliza.

Tulikwenda karibu wote.