Kuku wa Dirishani

Mamdogo Tabu si mtu wa maneno. Ukitaka kumjua, mwangalie mikono akiwa na kuku. Anampasua mgongoni, anamkandamiza kifua mpaka mfupa unalia, halafu anamchanja mapajani kwa ncha ya kisu ili viungo viingie. Chumvi na ndimu kwanza. Anamwacha kidogo. Kisha tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa pamoja, pilipili manga, bizari, mtindi, na mwisho kabisa asali. Anapaka kwa kiganja, taratibu, kama anavyompaka mtoto mafuta akitoka kuoga. Kazi hiyo ni ya asubuhi. Ikifika alasiri kuku ameshakunywa vyote.

Nyumba yetu iko Mtoni, ukiingia ndani kidogo kutoka Barabara ya Kilwa. Dirisha la chumba cha mbele linatazama njia. Bamdogo Shomari, mume wake, aliikata nondo moja ya dirisha lile ili beseni lipite. Yeye alikaa nje na jiko, mkewe ndani na beseni. Wakiisha kuku wa kwenye wavu, anagonga koleo ukingoni mwa jiko, ko ko, na beseni linatoka. Tangu mama yangu alipofariki nikaletwa pale kuishi na watoto wao, Talha na Salma, nikaacha shule darasa la nne, sikuwahi kumsikia akiita "Tabu, lete." Ilikuwa koleo tu.

Watu waliwaita kuku wa dirishani. Wateja walikuwa wa siku za kazi, wanaoteremka jioni wamechoka, hawana tena nguvu ya kupika mboga. Wanachukua nusu kuku, wanafika nyumbani wanasonga ugali, watoto wanakula mapema wanalala. Mwalimu Genoveva, mama mmoja wa Bukoba anayefundisha shule ya msingi, alikuwaga akisema, "Baba Talha, ndoa yangu umeishika wewe. Mume wangu mpaka leo hajui kama sijui kupika."

Bamdogo anacheka, lakini haharakishi. Makaa anayasukuma upande mmoja, kuku anamlaza upande wa pili, aive kwa joto, si kwa moto. Mtu akimhimiza anamwambia, "Kuku mwenyewe hakimbii tena, ndugu yangu. Wewe unakimbilia wapi?" Na kama kuna kitu alikidharau, ni kuku wa kuchemshwa kwanza ndiyo apelekwe jikoni. "Huyo mpelekeeni mgonjwa," alisema.

Alidondoka siku moja akitoka kuswali alasiri. Wakasema presha. Tukamzika kesho yake.

Mamdogo akaingia eda. Kwetu mjane anatulia ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hasimami njiani mbele ya wanaume. Majirani wengine walimwambia, mwenye shida anaruhusiwa kutoka mchana kutafuta riziki. Akawajibu kwamba eda ndiyo kitu cha mwisho alichobakiwa nacho cha kumpa mume wake, hataki kiwe na doa.

Hitima ilipokwisha, wifi yake Hamida, dada mkubwa wa marehemu, akakaa naye kwenye mkeka. "Wifi, jiko limezimika," akasema. "Hawa watoto watakula nini? Talha nitakwenda naye mie Kigamboni. Salma aende Rufiji kwa bibi yake."

"Wifi, hawa hawajawahi kulala mbalimbali."

"Sisemi kwa ubaya. Jiko likiwaka, watakaa. Lisipowaka, itabidi tugawane."

Mashaka, mdogo wake Bamdogo, alikuwa amekaa mlangoni. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti. Akasema, "Nitachoma mie nikitoka kazini. Kuna ugumu gani? Moto ni moto."

Kila alasiri akawa anakuja. Anajaza mkaa jiko zima, anapepea mpaka ndimi zinapanda, anawalaza kuku juu yake. Asali ikawa inashika moto papo hapo. Ngozi nyeusi kama lami, ndani mfupa mwekundu. Siku za mwanzo watu walichukua kwa huruma, ni msiba bado. Halafu huruma ikaisha.

"Fundi," Fransis wa bodaboda akamuuliza mbele za watu, "hapa umechoma kuku au umechomelea geti?"

"Kachukue grinda kwenye begi lake tumkate," akadakia mwingine.

Wakacheka. Mashaka naye akacheka, ila kwa mdomo tu. Mwalimu Genoveva alirudi na kipande chake kwenye mfuko, hakudai kitu, akamwonyesha tu. "Shemeji yangu, jana watoto wamekula ugali na chumvi." Baada ya hapo akawa anapita ng'ambo ya njia, uso ameuelekeza kwingine.

Mamdogo alikuwa anakaa chini ya dirisha, nyuma ya pazia. Hakuwa na haja ya kuona. Mafuta yakidondokea kwenye moto yanafanya chwaa, na yeye anafumba macho. Siku moja akashindwa kuvumilia, akasimama.

"Shemeji! Tenga makaa. Punguza moto."

Njia nzima ikasikia. Fransis akapiga mluzi. Mashaka akageuka, jasho linamtiririka.

"Shemeji, wewe kaa eda yako. Huku nje niachie mie."

Wifi Hamida siku hiyo alikuwepo. Akasema polepole, "Sauti yako imefika barabarani, wifi."

Mamdogo akakaa chini. Hakusema tena dirishani.

Mashaka si mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Alikuja kila siku na uchovu wake, mikono ina makovu ya cheche. Nilimwona jioni moja anajifuta macho akasingizia moshi, na mkaa ulikuwa umeshakolea, moshi haupo. Nadhani pale aliposimama kaka yake yeye hakuweza kusimama muda mrefu. Ndiyo maana alitaka moto mkubwa, kuku waive haraka, aondoke.

Beseni likaanza kubaki limejaa. Tukawa tunakula kuku wa kuungua sie wenyewe, na majirani tukiwapa wanashukuru kwa adabu. Wifi Hamida akapiga simu kwamba Ijumaa atakuja na begi, nguo za Talha zifuliwe.

Mamdogo akaweka simu chini. Akakaa vilevile mpaka chai yake ikapoa, ikafanya utando.

Asubuhi iliyofuata hakumpasua kuku mgongo. Alikata vipande vidogo vidogo. Viungo akatia vyote, asali hakutia. Akavimimina kwenye sufuria, bila maji, akabandika uani kwenye moto mdogo, vijitokose kwa maji yake yenyewe. Nilikuwa namenya vitunguu saumu, nikaacha kumenya. Talha ndiye aliyesema.

"Mama, baba alisema huyo wa mgonjwa."

"Baba yako hayupo kwenye jiko," akamjibu.

Akafunika. Mkono wake ukabaki juu ya kifuniko, mpaka nikadhani unaungua.

Jioni Mashaka akapepea moto wake vilevile, ndimi hewani. Lakini vipande vilikuwa vimeshaiva, bizari imevificha rangi. Moto haukuwa na kazi nyingine zaidi ya kuvipa rangi. Vinageuzwa, vinatoka, vimekauka vizuri, ndani laini.

"Ehee, fundi!" Fransis akalamba vidole. "Leo umepata leseni."

Watu wakarudi mmoja mmoja. Mwalimu Genoveva naye akavuka njia, akachukua, na kesho yake akachukua tena. Mashaka alisogea karibu na pazia, akasema kwa sauti ya chini kama mtoto anayetoa habari njema, "Shemeji, moto sasa nimeupatia."

"Alhamdulillahi," Mamdogo akajibu kutoka ndani. Basi.

Ijumaa wifi Hamida akaja na begi tupu. Akakuta watu wamejaa mbele ya jiko, mpaka akapita ubavu. Ndani akawekewa sahani. Akala kipande kimoja, akatafuna muda mrefu, akakitazama kile kilichobaki.

"Huyu si kuku wa kaka," akasema.

"Siye," Mamdogo akasema. "Lakini watoto wapo."

Wifi Hamida akasogeza sahani. Alilikunja begi, akalikunja tena, akalibana kwapani, akaenda zake kuwahi kivuko.

Tulikula kuku wale mpaka eda ikaisha, na sikumwona Mamdogo hata siku moja akitia mkono kwenye sahani ile. Alikula ugali na mchicha. Ukimuuliza anasema amekwisha shiba harufu.

Siku ya kutoka eda wanawake walimwosha, wakasoma dua, akavaa kanga mpya. Kesho yake ilikuwa siku ya kazi. Alfajiri nikasikia kisu. Nilipotoka uani, nikaona kuku wamepasuliwa mgongo, wamelala beseni zima, na chupa ya asali iko wazi.

Alasiri akatoka mwenyewe mbele, mara ya kwanza. Akasimama kidogo kizingitini mpaka macho yazoee mwanga. Akawasha jiko, akasubiri mkaa ukolee, akausukuma wote upande mmoja. Kuku wa kwanza akawalaza upande wa pili.

Mashaka akafika na begi lake la kazi begani. Akamwamkia, akatazama jiko.

"Shemeji, makaa umeyasukuma yote kule. Wataiva saa ngapi?"

"Kaa uone."

"Lakini si nilishaupatia moto?"

Mamdogo akamgeuza kuku mmoja. "Walikuwa wanakuja kwako wameshaiva, shemeji. Nilikuwa nawatokosa uani."

Mashaka akalitazama jiko tena. Fransis alikuwa pale juu ya pikipiki yake, akazima injini.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, siku ile dirishani."

Bodaboda nyingine ikapita, vumbi likatulia. Mashaka aliinua mkono kama anataka kujieleza, akaushusha. Akateremsha begi, akaliegemeza ukutani, akavua viatu mlangoni, akaingia ndani. Nikafikiri amekasirika.

Mamdogo hakumfuata. Aliwaangalia kuku wake. Asali ilikuwa inageuka rangi polepole, bila kushika moto, na harufu ile ikaanza kutoka, ile yenyewe, ambayo hatukuisikia tangu msiba. Salma akaja akasimama karibu na jiko. Mwalimu Genoveva alikuwa anakatiza njia akiwa na madaftari kifuani. Akasimama katikati, pua juu.

Walipoiva, Mamdogo akawatoa kwenye sinia. Halafu mkono wake ukaenda wenyewe, ukagonga koleo ukingoni mwa jiko.

Ko ko.

Akashtuka. Akalitazama koleo kama limegongwa na mtu mwingine.

Pazia likasogea. Beseni likatoka pale palipokatwa nondo, limeshikwa na mikono yenye makovu ya cheche. Mamdogo akalipokea, hakuinua uso, akaanza kuwalaza kuku wa pili upande usio na moto.