Madumu ya Bwawa la Babu

Harufu ya kitunguu saumu hunifukuza jikoni hadi leo. Majirani zangu wa Yoba, hapa Gitega, hudhani nina mimba kila wanaponiona natoka nje nimeziba pua, nami huwaacha wadhani. Kwangu hiyo ni harufu ya bwawa la babu kule Butihinda, masika ya kwanza tuliporudi kutoka Tanzania. Kambini, baba alitulisha bwawa hilo kwa maneno: mbele yetu sahani ya maharage, mdomoni mwake perege wanono ambao babu aliwafuga kabla ya vita. Tuliporudi tulikuta nyumba imebaki kichuguu, lakini bwawa lilikuwepo, na perege walikuwemo. Baba aliingia majini na suruali yake, akacheka kama mtoto.

Kando ya bwawa palikuwa na magofu ya ghala la kahawa, na ndani yake madumu ya chuma yenye dawa ya kuulia wadudu, yameachwa tangu watu walipokimbia. Mlimani kwetu kulikuwa na desturi: risasi au guruneti likiokotwa shambani, lilizamishwa majini lisije likamlipukia mtoto. Kutoa taarifa kulileta maswali, na mtu aliyerudi juzi, ambaye shamba lake wengine wanalimezea mate, hapendi maswali. Baba akayachukulia madumu yale kuwa mabaki ya vita kama mengine. Yeye na wajomba zangu wakayaviringisha hadi penye kina. "Maji huzima kila kitu," alituambia. Alifanya vile kwa kuwa alitupenda.

Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Kabla mvua hazijakatika, kutu ilitoboa dumu moja. Asubuhi hiyo vyura walikuwa kimya na bonde zima lilinuka kitunguu saumu, wakati hakuna nyumba iliyokuwa imewasha jiko. Perege walielea, matumbo juu, wakubwa kwa wadogo. Mama alianza kuwaokota ili awakaushe, maana chakula hakitupwi, lakini baba akampokonya kikapu, akachimba shimo, akawazika huku analia. Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata kambini.

Juzi nilikuwa kwa Mama Zubeda, muuza ndagala, dagaa wakavu, wa mtaani kwetu, redio yake ikasema kwamba baada ya vita vikuu mataifa yalitupa baharini mabomu ya sumu, kwamba sasa chuma chake kinaliwa na kutu na samaki wanatoka vidonda, na kwamba sumu nyingine hunuka kitunguu saumu. Nilikaa juu ya gunia, nikasikiliza hadi mwisho. Kumbe wakubwa wa dunia nao waliwaza kama baba.

"Bahari iko mbali, mama," Mama Zubeda aliniambia. "Tena iko kubwa sana. Itamaliza tu hiyo sumu."

Mwenye kovu usidhani kapoa. Kila mwaka baba, mzee sasa, hununua vifaranga wa perege Muyinga mjini, akawabeba ndani ya bido la plastiki lenye maji hadi Butihinda, akawamimina. Jioni huwa wanaelea. Safari hii nilikwenda naye bwawani, nikamsihi aache.

"Mwaka huu maji yamejisafisha, mwanangu," akasema, akiinamisha bido.

Sikuwa na moyo wa kumkumbusha kwamba lililotoboka ni dumu moja tu.