Kila Nyumba Ina Masika

Nakumbuka asubuhi niliyoshuka Kasese, mwanangu, mgongo umekufa ganzi. Nilitoka Kigoma, nikakaa Bukoba, nikachoka, miguu hii isiyotulia ikanisukuma hadi Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Nikapata kazi ya kupanga magunia kwenye ghala la kahawa.

Masika wa kule Karambi alichambua kahawa pale, na ulimi wake ulituchekesha kutwa. "Wewe mutu ya ziwa," aliniita, "hata kwa kaburi yako utakaa kweli?"

Kisha ofisi ikaleta akili mnemba isimamie wafanyakazi. Mashine ikaona Masika yuko zamu Kasese, na siku ileile yuko zamu katika ghala letu la Bwera. Ikaamua: huyu anaiba mishahara. Akafukuzwa.

Ukiwa mtu wa milima ile, umekwisha kuelewa. Kwa Wakonzo binti wa kwanza huitwa Masika, na ng'ambo, Kongo, kwa Wanande wa Butembo, vilevile. Kila nyumba ina Masika. Yule wa Bwera alikuwa mtu mwingine kabisa, mkimbizi kutoka Beni. Hata meneja wetu, mzaliwa wa Bulembia hapohapo Kasese, dada yake ni Masika!

Niliingia na Masika wetu ofisini kwa meneja.

"Muzee, nionyeshe mutu alisema mimi iko mwizi."

"Hakuna mtu. Ni mashine."

"Sasa nibishane na nani?"

Meneja akatufungulia mlango tutoke.

Afisa wa kazi wa serikali, tulipomwendea, alisema sheria iko wazi: mfanyakazi husikizwa kabla ya kufukuzwa. Lakini asikizwe na nani? Ofisi ilidai uamuzi ni wa mashine. Wenye mashine, huko mbali, wakajibu kwamba wao hushauri tu, uamuzi ni wa ofisi. Haki ya Masika ikafia hapo katikati.

Baba yake alinikemea kana kwamba ghala ni langu: "Mwizi ya mbuzi sisi tunamukalisha, tunamuuliza. Nyinyi mulisoma, munashindwa?" Wahenga walikataza kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Lakini nyani, mwanangu, angalau ana uso wa kutazamwa.

Wakikuletea mashine hiyo kazini, kabla hujatia sahihi uliza: ikikosea, nani atajibu kwa jina lake? Akikosekana, kataa kuhukumiwa nayo, na usimhukumu mwenzako kwayo. Sidhani watakusikia. Uliza tu.

Siku niliyoondoka moja kwa moja, nilimkuta Masika wetu pale Bwera akivusha vitunguu vya watu mpakani, gunia kichwani.

"Mutu ya ziwa, unakimbia tena! Sikia: ukizaa binti, usimupe jina yangu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nikavuka daraja kuingia Kongo.

Mungu akujalie, mwanangu, atakayekuhukumu awe na masikio.