Shemeji aliifanya website ya khanga zangu ifanane na ya maduka makubwa, wateja wakadhani nimeuza biashara

Wakuu, salamu kwenu mlioko nyumbani na sisi wa huku DMV, Washington na vitongoji vyake, Marekani.

Haya yamenikuta mwenyewe. Sijaongeza chumvi, ilishajaa.

Nauza khanga hapa Beltsville, kwenye basement yetu. Miaka yote website yangu ilikuwa ukurasa mmoja: picha yangu nimejifunga khanga, namba ya simu, basi. Mtu anapiga, tunasalimiana, ananiambia shughuli ni ya nani, namchagulia.

Akaja shemeji Frank kutoka Germantown, mdogo wake mume wangu. Alikuwa ametoka kumaliza kozi ya web design online, kwa hiyo alikuwa anajua kila kitu.

"Shem, hii site ni ya kishamba," akaniambia. "Angalia maduka makubwa. Wale wameshafanya research, sisi tunakopi tu."

Nikaona ana hoja. Mimi nani nibishane na matajiri.

Basi nikajengewa duka. Menu juu, menu pembeni, menu ndani ya menu. Pop-up inaomba email yako kabla hujaona hata uzi. Halafu sehemu ya kuchagua size, kuanzia small mpaka XXL.

Khanga, wakuu. Hiyo XXL sijui ni ya kufunikia gari.

Picha zote zikakatwa mraba ili zijipange vizuri. Wanaojua khanga wanajua mtu ananunua maneno. Sasa "Asante mama kwa malezi" ikabaki "ma kwa ma". Chini yake Frank kaandika "African Cotton Wrap, Multicolor".

Picha yangu ikatolewa, eti si professional. Namba ya simu nayo ikatolewa, maana wakubwa hawaweki namba, wana roboti la kuchat. Wateja wa zamani wakatumiwa meseji ya Kiingereza kwamba oda zote sasa ni kwa website.

Site ikapendeza kweli. Tatizo ni kwamba tuliokuwa tunaitazama ni mimi na Frank.

Simu ikanyamaza. Nikajipa moyo kwamba ni msimu mbaya.

Kisha nikaenda Landover kwenye harusi niliyoalikwa kitambo, ya binti wa mwisho wa Bi Zuhura, mama wa Mombasa. Huyu si mteja tu. Nilipojifungua, sina mama wala dada huku, yeye ndiye aliyekuja kunipikia uji.

Naingia, akina mama wote wamevaa khanga za sare. Hakuna hata moja ya kwangu.

Bi Zuhura akanisalimia kwa upole ule wa mtu aliyeumia.

"Mwanangu, umeuza duka hata kuniaga hukuniaga?"

"Nimemuuzia nani, mama?"

"Mie nitajuaje? Naletewa meseji ya Kizungu. Nikifungua, naulizwa password. Nikaliandikia lile roboti nataka khanga za harusi ya mwanangu, likaniuliza kama nataka kurudisha mzigo. Nirudishe nini nami sijanunua?"

Akamalizia:

"Nikasema basi, ushatajirika, hutaki tena kusumbuliwa nasi."

Pilau ilinishinda siku hiyo.

Nikampigia Frank. Akasema tuwape muda, customers wanahitaji kuelimishwa. Sawa. Mwanamke amelea watoto ugenini mpaka wameolewa, aelimishwe namna ya kununua khanga.

Nikamwambia aishushe yote. Picha yangu imerudi, namba imerudi, khanga zinaonekana nzima na maneno yake.

Kwa Bi Zuhura nilienda mwenyewe na doti moja mkononi, zawadi ya binti. Akanikaribisha, akanilisha, akanisema, nikashiba vyote viwili. Kesho yake wenzake wakaanza kunipigia.

Nilichojifunza: duka kubwa linaweza kukuficha namba, likakuzungusha na roboti, na bado utarudi, maana jina lake unalijua. Sina hata hakika kama wanauza kwa sababu ya hizo design au wanauza licha ya hizo design. Mimi mtu asiponiona ni mimi, hana sababu ya kunitafuta.

Wenye biashara ndogo, nanyi mashemeji zenu wamewashauri nini?

Watu wa IT mnaruhusiwa kumtetea Frank, ila kwa Kiswahili.