Makisio Katika Nyumba ya Eda

Siku ya kwanza niliyoripoti kazini, ofisi ya stima ya Kilifi, nilivaa shati jeupe na viatu vya ngozi, nikidhani nitapewa meza. Msimamizi wa wasomaji mita alinitazama kutoka juu hadi chini, akacheka mpaka akakohoa. "Karisa, hivyo ni viatu vya harusi," akasema. "Sisi hapa twatembea." Akanipa tochi, daftari refu na kijiti cha kufukuzia mbwa, tukavuka kwenda Mnarani. Kufikia saa nane mchana tulikuwa tumepiga hodi nyumba hata sizikumbuki idadi, na visigino vyangu vilikuwa vikitoka damu.

Nyinyi mnaonunua tokeni kwa simu huenda hamkuiona kazi ile. Mita ilikuwa sanduku jeusi ukutani, lenye kioo mbele. Ndani ya kioo mlikuwa na tarakimu tano, na chini yake kisahani cha chuma kilichozunguka kadiri stima ilivyotumika. Msomaji hufika mara moja kwa mwezi na kuandika tarakimu. Ofisini hutoa zile za mwezi uliopita. Zinazobaki ndizo yuniti zako, na kwazo hupigwa bili. Shida ni kwamba mita nyingi za zamani zilifungwa ndani ya nyumba: uani, jikoni, nyingine chumbani nyuma ya kabati. Nilijua nani kanunua friji na nani kaiuza, na nani amegombana na mumewe asubuhi hiyo. Nilijifunza mapema kufunga mdomo.

Ukikuta mlango umefungwa na hakuna mtu, uliandika alama ya nyumba imefungwa, na ofisi ikakisia yuniti kwa kutazama matumizi ya miezi ya nyuma. Hayo tuliyaita makisio. Kanuni iliruhusu miezi miwili tu. Mwezi wa tatu ulitakiwa kuandika ripoti ili mkaguzi aende mwenyewe. "Makisio ni chumvi," msimamizi alituambia. "Ukizidisha, chungu kizima wamwaga."

Kutoka Kilifi nilihamishiwa Watamu, na huko ndiko nilikoielewa ada ya kudumu. Hiyo ni ile pesa inayotozwa hata kama hukuwasha taa moja. Kulikuwa na mzee Charo, mlinzi wa jumba la wageni ambalo wenyewe walikuja miezi miwili kwa mwaka. Kila nikifika alikuwa na bili mkononi.

"Karisa, wenyewe hawako. Taa sijagusa. Hii bili ni ya nini?"

"Ni ada, mzee. Mwalipia waya kuwafikia."

"Hata nisipoutumia?"

"Hata usipoutumia."

Akatikisa kichwa. "Basi ni sawa na kulipa mahari kila mwezi, na mke yuko kwao."

Nilicheka njia nzima. Lakini nilivyozidi kutembea niliona kuwa mwenye jumba hakuisikia ada ile hata kidogo, na kwa mama mwenye taa mbili na pasi moja, ada ilikuwa karibu nusu ya bili. Watu wa taa mbili ndio waliokuwa wakiniuliza sana, na jibu langu kwao lilikuwa lile lile la waya.

Halafu nikapelekwa Malindi, nikapewa mitaa ya mji wa kale. Mimi ni Mgiriama wa Ganze, mtu wa kanisani, na msimamizi wa Malindi, mzaliwa wa mitaa ile, alinifunza adabu zake kabla ya kunifunza njia. Piga hodi, ukae kando ya mlango, usichungulie. Ukiambiwa subiri, subiri, wanawake wajisitiri. "Na ukiambiwa mwanamke yuko edani," akasema, "usiingie. Amefiwa na mumewe, miezi minne na siku kumi hatazamani na mwanamume wa kando." Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Mgeni akitaka kusifiwa adabu huipitisha kiasi, na mimi nilitaka sana kusifiwa.

Katika njia yangu mlikuwa na nyumba ya mzee Athmani. Alikuwa na friza mbili uani, akigandisha barafu na kuwauzia wenye maduka na wauza maji ya matunda. Bili yake ilikuwa kubwa kuliko zote mtaani, na alilipa bila kunung'unika. Mwaka mmoja akaugua siku chache, akafariki.

Mwezi uliofuata nilipiga hodi, akanijibu Zuhura, binti yake aliyekuwa amemaliza shule. "Mama yuko edani," akasema. Nikarudi nyuma kama niliyeungua. Nikasema pole, nikaondoka, na pembeni mwa mtaa nikaandika: nyumba imefungwa. Mwezi wa pili vivyo hivyo. Mwezi wa tatu ripoti sikuandika, kwa kuwa mkaguzi alikuwa mtu wa kelele na niliona atakwenda kuisumbua nyumba ya msiba. Mwezi wa nne nikaandika tena imefungwa. Nilijiona muungwana.

Eda ilipokwisha, jina la nyumba ile lilitokea kwenye orodha ya kukatiwa stima. Bili tatu za mwanzo zilikuwa zimelipwa, ya nne haikulipwa. Wakataji walikuwa waende kesho yake. Nikaenda mbio kusoma mita kwanza.

Safari hii nilikaribishwa ndani. Bi Mwanaisha, mjane wa mzee Athmani, alikuwa uani na kitambaa, akifuta friza. Plagi zilikuwa zimening'inia.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nshapoa. Kasome, mita hiyo hapo nyuma ya mlango wa ua. Friza zaja kuchukuliwa alasiri, nishapata mnunuzi. Nikishalipa bili yenu sijui nitakula nini, lakini bili yenu nitalipa."

Nilimulika mita kwa tochi. Nikasoma, nikatazama daftari, nikasoma tena. Tarakimu zilikuwa chini, tena mbali sana, kuliko zile tulizomtoza. Tangu mzee afariki, mita ilikuwa imetembea kama ya mwezi mmoja tu.

"Mama, friza mlizizima lini?"

"Bili ya kwanza tu ilipokuja. Nalisema, hizi ndizo zilazo. Nikazima. Bili ya pili ikaja ile ile. Nikazima feni, na joto lile. Ikaja ile ile. Nikamwambia Zuhura, tuzime na taa, tuwashe kibatari. Mwanangu, eda yangu nimeikaa kizani. Na bili haikushuka hata ndururu. Hebu nambie wewe uliyesomea: stima hii yala nini, na haiwaki?"

Nimeulizwa maswali mengi katika kazi yangu, hilo sijalisahau. Ofisi ilikuwa ikikisia kwa matumizi ya marehemu, friza mbili usiku na mchana, kwa sababu mimi niliwaambia nyumba imefungwa. Kila alichokizima mama huyu, kalamu yangu ilikiwasha. Niliona aibu, nikazima tochi.

"Haikula kitu, mama," nikasema. "Ni mimi." Nikamweleza yote.

Akakiweka kitambaa juu ya friza. Aliyesema ni Zuhura. "Si ungenambia nikusomee? Tarakimu tano tu hizo! Ningesimama hapa ndani nikakutajia, wewe uko nje. Yuko nani asiyejua kusoma tarakimu tano?"

Kweli. Kwa miezi minne halikunijia. Nilimheshimu mama mpaka nikasahau kuwa binti ana macho.

Bi Mwanaisha akasema, "Mnunuzi nitamwambia aje kesho alasiri. Usiponiletea neno kabla ya hapo, zinatoka."

Ofisini mwenzangu mmoja alinipa ushauri wa bure: niandike tarakimu za makisio ya mwisho kama nilizoziona, nikae kimya, mita itazifikia yenyewe baada ya miezi. Ujanja huo ulijulikana na wasomaji wote. Lakini mama angekatiwa kesho, na friza zingekwenda. Na mimi wakati huo nilikuwa nangojea barua ya kupandishwa cheo, niwe msimamizi. Nilizunguka kwenye ujia wa ofisi mara kadhaa kabla ya kubisha mlango wa meneja wa tawi.

Meneja alikuwa mtu wa bara, mpole, aliyesema polepole. "Nyumba ilikuwa imefungwa?"

"La, bwana. Ilikuwa wazi."

"Kwa nini uliandika imefungwa?"

"Niliona haya."

Akalifunga daftari langu. "Karisa, alama ya haya hatuna." Akachukua kalamu, akalifuta jina la nyumba ile kwenye orodha ya kukata, kisha kwa kalamu ile ile akaniandikia barua ya onyo. Yuniti zilizozidishwa zilirudishwa kwenye hesabu ya nyumba, zikatosha kumlipia stima ya miezi mingi mbele. Ada ya kudumu peke yake haikurudi, hiyo hairudi kwa mtu. Usimamizi alipewa mwingine. Neno la ofisi nililifikisha kwa Bi Mwanaisha kesho yake kabla ya adhuhuri, na friza hazikutoka.

Nilistaafu nikiwa msomaji mita, kama nilivyoanza. Mimi sikulalamika, mke wangu amelalamika kwa niaba yangu mpaka leo. Majirani huniletea simu zao niwasomee ujumbe wa tokeni: pesa ni zile zile, yuniti zimepungua. Nawaonyesha ipi ni stima, ipi ni tozo ya mafuta ya mitambo, ipi ni kodi. Wananishukuru, wanarudi nyumbani kuzima taa. Huwaambia, kabla hamjazima, itazameni mita kwanza, jioneeni wenyewe kama inakwenda. Wengi huona ni maneno ya mzee asiye na kazi.

Mwezi uliofuata barua ile ya onyo, zamu ya nyumba ya mzee Athmani ilifika. Ilikuwa saa sita, jua la utosi. Nikapiga hodi, nikakaa kando, nikakaribishwa. Friza zilikuwa zikinguruma. Na taa zote za nyumba zilikuwa zinawaka: ya ukumbini, ya jikoni, ya chooni, hata ya uani, ambako jua lenyewe lilikuwa limejaa.

"Mama," nikasema, "taa zawaka mchana. Nikuzimie?"

Bi Mwanaisha alikuwa ameketi mkekani, akipembua mchele, kanga nyeupe ya eda ameshaivua, amejifunga ya rangi.

"Ziache," akasema. "Hizo ni zangu za miezi minne."