Mashine ya Nazi ya Baba

Mwezi wa Ramadhani mama alikuwa habanduki kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Vidole vilimchanika, na baba, fundi feni wa Kariakoo, hakuweza kuvitazama. Ndipo akaanza kuunda mashine ya kukuna nazi.

Hakuiunda peke yake. Serikali ilikuwa imeruhusu tena bidhaa za nje, na jirani yetu Mhindi mwenye duka la spea alimpa mota kuukuu kutoka kwenye shehena yake. Meno yalichongwa na mchomeleaji wa mtaa wa Gerezani. Hakimu alikuwa mama. Alikamua tui, akiona vipande vya kifuu anasema meno ni marefu mno, na wanaume watatu wanarudi kazini wamenywea.

Mashine ilipokubali, baba alitamani hataza, ile karatasi ya serikali inayosema kitu hiki mmekibuni ninyi. Alitaka majina yao wote wanne yaandikwe, na la mama liwe la kwanza. Sijawahi kumwona akikitamani kitu namna ile.

Lakini Kariakoo kitu hakiaminiki mpaka kijaribiwe mbele za watu. Kwanza wakaitoa barazani, mfungo mzima wa mwaka uliofuata, kila mwenye nazi alete. Mafundi wa mitaa mingine walikuja kuchungulia, na baba akawafungulia mashine waone ndani. Alipokwenda kuomba hataza, kijana wa ofisini akamweleza kwa upole kwamba kilichokwisha kuonyeshwa hadharani hakisajiliwi tena.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado. Mashine zilizagaa mji mzima, watu wakila jasho la wazee wangu. Baba hakulalamika. Alipunguza tu kuongea, nami niliumia kumwona hivyo, hasa siku mashine ilipomng'ata mama kidole.

Baadaye nilikwenda naye Ilala sokoni. Alisimama mbele ya mashine kama yake, ila hii ilikuwa na kipande cha bati cha kukinga vidole. Akamuuliza muuza nazi ni nani aliyekifikiria.

"Sijui, mzee. Tumeikuta hivihivi."

Baba aliinama akakitazama kile kipande kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa anatabasamu, nami nikashindwa kuelewa anafurahia nini. Tulirudi nyumbani kwa mguu, akakata bati, akalifunga kwenye mashine yetu.

Jioni ile mama alikuna nazi huku akipiga soga na jirani, bila kuangalia mikono yake.